Kabla ya kununua seng'enge: namna ya kupima kama mifugo inammaliza kipepeo adimu wa mlimani

Kijana mmoja aliyekabidhiwa kazi ya kumlinda kipepeo wa mlimani alinijia juzi na swali moja: anunue seng'enge mita ngapi? Alishaamua kwamba mbuzi ni adui na uzio ndio dawa. Tulikaa siku tatu tukipanga upya kazi yake, na haya ndiyo tuliyopanga.

Nilianza kwa kumsimulia habari za vipepeo wawili. Wa kwanza ni Phengaris arion, kipepeo mkubwa wa bluu. Uingereza alitoweka mwaka 1979, ingawa watu walikuwa wakimlinda kwa miaka mingi. Kiwavi wake huchukuliwa na sisimizi wa aina ya Myrmica sabuleti, akamalizia ukuaji wake ndani ya kichuguu chao. Sisimizi hao wanataka udongo uliopata jua, yaani nyasi fupi. Malisho yalipungua, sungura wakafa kwa ugonjwa wa miksomatosisi miaka ya 1950, nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakapungua, na kipepeo akaenda nao. Mtafiti Jeremy Thomas aligundua sababu wakati kipepeo wa mwisho yuko ukingoni. Baadaye walirudisha mifugo kwanza, ndipo wakaleta vipepeo wengine kutoka Sweden.

Wa pili ni Pseudophilotes sinaicus wa milima ya Sinai, Misri, karibu na mji wa Mtakatifu Katerina. Ni miongoni mwa vipepeo wadogo kabisa duniani. Kiwavi wake hula vitumba na maua ya aina moja tu ya zaatari, Thymus decussatus. Hapo mbuzi akila kichwa cha ua, amemmeza na kiwavi. Tena watu huuchuma mmea huohuo kwa dawa, na joto linazidi.

Basi kabla ya kushika nyundo, jua wako anafanana na yupi.

Hatua ya 1: Andika mwaka wa mdudu na mwaka wa mifugo

Chukua karatasi moja, gawanya wiki 52. Mstari wa juu: yai liko wapi, kiwavi yuko wapi, pupa iko wapi, kipepeo anaruka lini. Andika pia urefu kutoka ardhini, kwa maana kiwavi aliye kwenye ua na pupa iliyo udongoni hawaumizwi na kitu kimoja. Wa kwanza huliwa, wa pili hukanyagwa.

Mstari wa chini: mifugo hupanda lini, hushuka lini, hunywa wapi, hupumzika wapi mchana. Haya muulize mchungaji, tena utembee naye siku nzima. Kuna mzee aliyenionyesha kwamba mbuzi wake hawali kabisa upande niliokuwa nikiulalamikia; walipita tu kwenda majini. Nilikuwa nikipima njia ya mifugo nikidhani ni malisho.

Pale mistari miwili inapokutana ndipo penye swali lako.

Hatua ya 2: Ramani

Tembea, weka alama ya GPS kila penye mmea wa kiwavi. Weka alama hata pale usipomwona kipepeo.

Hatua ya 3: Hesabu

Kwa vipepeo wazima, tumia njia ya Pollard, ambayo Waingereza wanahesabia nchi nzima tangu 1976. Chora njia ya kudumu, itembee kwa mwendo uleule kila wiki, hesabu wanaoonekana ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yako. Usihesabu siku ya baridi wala ya upepo mkali. Siku hizo kipepeo amejikunyata kwenye nyasi, na sifuri yako itakuwa ya uongo.

Ila kwa suala la mifugo mimi nawaamini viwavi na mayai kuliko vipepeo wanaoruka. Kipepeo anaweza kuwa amezaliwa bonde la pili. Yai haliruki. Chagua mimea kwa bahati nasibu, piga magoti, shika lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, angalia vitumba kimoja kimoja. Kama mdudu wako ni wa jamii ya vipepeo wa bluu, kama wale wawili, usianze kumtafuta kiwavi. Mara nyingi rangi yake ni ya kitumba chenyewe. Tafuta sisimizi. Ukiona wawili watatu wanazunguka kitumba kimoja, wanagusagusa kwa papasi, zile pembe zao za kugusia, na hawaondoki, tulia uangalie walipo. Kile ulichodhani ni kitumba kilichovimba kitasogea.

Andika kwa penseli kwenye daftari. Simu nimezijaribu: baridi ya mlimani inamaliza betri, na kidole chenye maji hakiandiki.

Hatua ya 4: Pima mifugo

Weka fremu ya mraba ya mita moja kila hatua ishirini, hesabu mavi, tenganisha ya mbuzi na kondoo na ya ng'ombe. Pima urefu wa nyasi kwa rula. Hesabu vichwa vya maua vilivyokatwa.

Hatua ya 5: Uzio wa majaribio

Hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima, kwa hiyo vumilia nikieleza.

Mara ya kwanza nilizungushia uzio sehemu zenye mimea mizuri kuliko zote, kwa kuwa nilizionea huruma. Mwisho wa msimu, viwavi ndani ya uzio walikuwa wengi kuliko nje, nikafurahi. Mwenzangu mzoefu akaniuliza: kabla ya uzio walikuwa wangapi? Sikuwa na jibu. Sehemu nzuri zilikuwa nzuri tangu mwanzo. Na mdudu mwenye kizazi kimoja kwa mwaka hakupi nafasi ya kurudia mwezi ujao.

Kwa hiyo, hesabu msimu mmoja mzima bila uzio wowote. Kisha panga sehemu zako katika makundi ya tatutatu zinazofanana: mteremko unaoelekea upande mmoja, kimo kimoja, mawe yaleyale, idadi ya mimea na mayai iliyo karibu. Chini ya makundi sita mimi sianzi. Ndani ya kila kundi piga kura kwa vikaratasi. Moja inabaki wazi. Moja inafungwa mwaka mzima. Ya tatu ina mlango: unaifunga maua yanapoanza kutoka, unaifungua viwavi wakishashuka udongoni. Hiyo ya tatu usiiache hata kama fedha ni ndogo. Afadhali upunguze ukubwa. Ile iliyofungwa mwaka mzima inaweza kuonyesha faida mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu nyasi zimeshaufunika mmea.

Waya uwe wavu usio na miiba, matundu ya upana wa vidole vitatu. Matundu makubwa ni hatari: mbuzi mwenye pembe huingiza kichwa akashindwa kukitoa, na ukimkuta amekufa hapo, huna tena rafiki mlimani. Ukanda wa mita moja wa ndani usiuhesabu, maana mbuzi husukuma wavu akafikia.

Nguzo nazo zina lao. Ndege hupenda kutua juu yake, na anayetua hutazama chini akala anachokiona. Chonga ncha ya kila nguzo iwe kali, na kwenye sehemu iliyo wazi simamisha nguzo idadi ileile bila waya. Usipofanya hivyo, utakuwa unalinganisha ndege na mbuzi bila kujua.

Pita kila wiki. Uzio uliolala siku mbili bila taarifa unaharibu safu nzima ya namba.

Hatua ya 6: Peleka namba kwa wachungaji

Usianze na ofisi. Wachungaji wakae mbele ya karatasi ya wiki 52, waone wiki ambazo kiwavi yuko kwenye ua. Kama sehemu yenye mlango imefanya vizuri kama iliyofungwa, au kuizidi, ombi lako ni la wiki chache tu kwenye miteremko michache, na wao ndio watakaokwambia mifugo ipelekwe wapi wiki hizo.

Hatua ya 7: Ng'oa

Siku ya kufunga uzio, hesabu kila kipande cha waya na kila msumari uliopanda nao mlimani, uandike. Siku ya kung'oa, hesabu tena. Namba zisipolingana, rudi na sumaku, pekua nyasi kuzunguka kila shimo la nguzo mpaka zilingane.