Kabla hujapanda treni ya Aberystwyth kusoma miswada

Maktaba ya Taifa ya Wales ipo juu ya kilima mjini Aberystwyth, mwisho kabisa wa reli. Usifunge safari kwa kubahatisha.

Kwanza hakikisha unachokifuata kipo huko. Mkusanyo wa Peniarth upo, ule wa Robert Vaughan wa Hengwrt, mtu wa karne ya 17, na ndani yake mna vitabu vya kale vya Kiwelisi vilivyoandikwa kwa mkono: Kitabu Cheusi cha Carmarthen, Kitabu cha Taliesin na Kitabu Cheupe cha Rhydderch. Lakini mwenzao, Kitabu Chekundu cha Hergest, kipo Oxford. Karatasi za mshairi Dylan Thomas nazo, nyingi zilivuka bahari zikaishia Buffalo na Austin, Marekani.

Pili, tazama mtandaoni. Kitabu Cheusi kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kukisoma ni bure. Kurasa zake ni za ngozi, za karne ya 13, hivyo usitegemee kukabidhiwa ati kwa sababu umetoka mbali. Uwe na swali ambalo picha hizo haziwezi kulijibu, kama watafiti wa Cambridge ambao mwaka 2015 walitangaza kwamba mwanga wa urujuanimno umewaonyesha nyuso na beti zilizofutwa pambizoni.

Beba kitambulisho na uthibitisho wa anwani kwa ajili ya kadi ya msomaji. Andika kwa penseli. Chai na kalamu ya wino viache nje.

Sasa hili la hakimiliki, kaa usikilize. Jamaa yangu mmoja alisoma faili la barua za mshairi aliyefariki miaka ya 1930, kwenye hifadhi moja ya Wales. Akazinakili kwa ruhusa, akazijengea sura nzima ya kitabu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Uingereza hulinda maandishi miaka 70 baada ya mwandishi kufa, miaka hiyo imepita, kazi kwisha. Mchapishaji akamwuliza, barua hizi zimewahi kuchapishwa? Hazijawahi. Kumbe kama mwandishi alikufa kabla ya 1969, na maandishi yake yalikuwa hayajachapishwa sheria mpya ilipoanza kutumika Agosti 1989, yanalindwa mpaka mwisho wa 2039. Karatasi ni mali ya hifadhi. Maneno ni ya warithi. Na warithi wenyewe sasa: binti alishafariki, wajukuu wametawanyika, aliyepatikana akajibu kwamba hajui hata babu yake aliandika barua gani. Mchapishaji akachoka kusubiri. Sura ikatoka bila nukuu hata moja, "katika barua moja anaeleza kwamba" ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayekusimulia pilau ya harusi ambayo hukualikwa.

Kwa hiyo waandikie wahifadhi ungali nyumbani. Uliza mwandishi alikufa lini, maandishi yamewahi kuchapishwa au la, mrithi anajulikana au la, na kama kuna faili lililofungwa kwa sababu waliotajwa humo bado wako hai. Tena ujue kwamba haki ya barua ni ya aliyeiandika, si ya aliyeandikiwa. Faili lenye jina la mshairi mmoja linaweza kujaa barua za watu chungu nzima, na kila mmoja ana warithi wake.

Ukifungua karatasi za Iolo Morganwg, mshairi na mkusanyaji wa miswada wa karne ya 18, usiamini kirahisi. Bwana huyo alitunga mashairi akayapachika jina la Dafydd ap Gwilym, mshairi wa karne ya 14. Yakaingia kwenye toleo la 1789, na wasomi wakayameza kwa zaidi ya miaka mia.

Kama Kiwelisi hukijui, tafuta mapema wa kukusomea. Karatasi za Kate Roberts, mwandishi wa hadithi kwa Kiwelisi, hazitakusubiri ujifunze. Agiza mafaili kabla, hakiki saa za chumba cha kusomea, usikate tiketi ya kurudi jioni ileile. Na koti la mvua, hata kama ni Julai.