Kabla Kijiji Hakijatia Saini Mkataba wa Kaboni: Mwongozo kwa Jamii za Wafugaji na Wawindaji

Wawakilishi wa biashara ya kaboni, yaani uuzaji wa kiasi cha hewa ukaa kinachozuiwa kuingia angani kwa kutunza misitu na malisho, wanapofika katika vijiji vya wafugaji na wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania, mazungumzo mara nyingi huanzia kwenye fedha: kijiji kitapata kiasi gani, na lini. Mwongozo huu unashauri mpangilio wa kinyume, yaani ardhi kwanza, ridhaa ifuate, na fedha zije mwisho, kwa kuwa jamii isiyo na hati ya ardhi yake haina nguvu ya kudai bei wala ya kukataa.

Kwa upande wa ardhi, hakikisheni kwamba kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu, kisha ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la kundi, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoruhusu. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya pamoja ya aina hiyo mwaka 2011, na mradi wao wa kaboni, unaotegemea kuzuia ufyekaji wa misitu kwa ajili ya mashamba, umesimama juu ya hati hiyo. Wafugaji nao wachore kwenye ramani ya mpango alalili (malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi), njia za mifugo, visima na maeneo ya chumvi, hata yale yanayotumika msimu mmoja tu kwa mwaka, maana eneo lisiloonekana kwenye ramani ndilo huitwa tupu pindi mradi unapotafuta mahali. Malisho yakivuka mipaka ya kijiji, sheria hiyo hiyo inaruhusu vijiji jirani kufanya makubaliano ya matumizi ya pamoja, na vijiji wilayani Kiteto vinavyotumia kwa pamoja malisho yaitwayo OLENGAPA vimekwisha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Hata hivyo hati si ngao kamili, kwa kuwa Rais bado ana mamlaka ya kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma.

Hatua ya ridhaa ndiyo inayoharibika kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ipewe muda mrefu kuliko zote. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, ambalo Tanzania ililipigia kura ya ndiyo huku Kenya na Burundi zikijizuia, linataka ridhaa iwe huru, itolewe mapema na itanguliwe na taarifa kamili. Kwa kuwa azimio si mkataba unaobana, na kwa kuwa msimamo wa serikali ni kwamba Watanzania wote ni wenyeji wa nchi yao, hoja yenye nguvu zaidi mbele ya ofisi ya wilaya ni sheria ya vijiji yenyewe: halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini tu, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu. Saini ya mwenyekiti na mtendaji pekee haitoshi.

Ombeni rasimu ya mkataba kwa Kiswahili, isomwe na kufafanuliwa pia kwa Kimaasai, Kidatoga au Kihadzabe, kisha wapeni wanawake, vijana na malaigwanani (viongozi wa kimila wa Wamaasai) nafasi ya kuijadili kila kundi peke yake kabla ya mkutano mkuu. Msiitishe mkutano huo wakati vijana wako ronjo, yaani kambi za muda za malisho, na mifugo, kwani wanaoguswa zaidi na kanuni za malisho ndio watakaokosekana. Jihadharini pia na karatasi ya mahudhurio ambayo watu huisaini ili wapate posho na ambayo baadaye inaweza kutolewa kama ushahidi wa kukubali. Andikeni juu ya kila ukurasa kwamba ni mahudhurio tu, na azimio la mkutano liandikwe kwenye muhtasari pamoja na hoja za waliopinga.

Katika mkataba wenyewe, someni kwanza muda wake, kwani miradi mingi hufunga ardhi kwa miaka 30 au zaidi. Miradi ya kaboni ya udongo, yaani ile ya kuhifadhi kaboni ardhini kwa kupanga malisho, huweza kutaka mifugo ihamishwe kwa ratiba maalumu, ilhali mfugaji huhama kwa kufuata mvua. Kwa hiyo sharti liandikwe waziwazi kwamba wakati wa ukame jamii itahama bila kuadhibiwa. Ulizeni nani atabeba hasara moto au ukame ukipunguza kaboni iliyokadiriwa, kama mgao unahesabiwa kabla au baada ya gharama za kampuni, na kijiji kitazionaje hesabu za mauzo. Mwanasheria wa kuyapitia haya asilipwe na kampuni. Kanuni za Tanzania za mwaka 2022 zinataka mradi usajiliwe, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni mahali pa kuulizia. Kwa kulinganisha, marekebisho ya sheria ya Kenya ya mwaka 2023 yanaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia katika miradi ya ardhi. Hayaibani kampuni upande wa Tanzania, lakini ni kipimo kizuri mezani.

Mwisho, mkataba uonyeshe malalamiko yatapelekwa wapi na yajibiwe ndani ya siku ngapi. Njia ya kimataifa ipo, ila ni ndefu: shauri la Waogiek, jamii ya wawindaji wa msitu wa Mau nchini Kenya waliopinga kuondolewa kwenye ardhi yao, lilifika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2009, Mahakama ya Afrika mjini Arusha ikatoa hukumu mwaka 2017, na amri ya fidia ikaja mwaka 2022. Tangu Tanzania ilipoamua mwaka 2019 kuondoa tamko lililowaruhusu wananchi kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo, kijiji kitakachotaka kufika huko kitapaswa nacho kupitia Tume iliyoko Banjul.