Mshale uliogeuka à, na herufi ŋ isiyo kwenye kibodi

Kibanda changu cha kuchapa kipo Wandegeya, Kampala, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa dakika ya mwisho. Mmoja aliniletea kazi ya baiolojia: nyasi, panzi, chura, nyoka, na mishale katikati. Nikaandika -->, Word ikaugeuza mshale mzuri. Akanakili, akabandika kwenye baruapepe ya mhadhiri. Jioni karudi amenuna: "Anti, mhadhiri anauliza hizi à ni nini?"

Kosa lilikuwa langu. Mshale ule wa Word ni herufi à iliyovishwa Wingdings, fonti inayoonyesha alama badala ya herufi. Ukiitoa nje ya Word nguo hiyo inavuliwa, inabaki à tupu. Ndiyo maana ==> nayo huishia kuwa è.

Siku hizi naandika 2192, halafu nashika Alt na kubonyeza X. Tarakimu zinatoweka, inabaki →, mshale halisi wa Unicode, yaani ule mfumo unaoipa kila herufi na alama namba yake, na haubadiliki hata ukiupeleka kwenye baruapepe. 2190 ni ←, 2191 ni ↑, 2193 ni ↓. Nimeziandika kwa kalamu kwenye kipande cha boksi chini ya skrini.

Nje ya Word, kwenye Windows, tumia tarakimu za upande wa kulia wa kibodi. Washa Num Lock, shika Alt, andika 26, achia: →. 27 ni ←, 24 ni ↑, 25 ni ↓, na 0176 ni ile ° ya nyuzijoto. Tarakimu za safu ya juu hazikubali, usijichoshe. Kama laptop yako haina zile za kulia, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nukta, dirisha la emoji litafunguka, kisha tafuta sehemu ya alama. Wa Linux, kwenye programu nyingi ni Ctrl+Shift+U, 2192, Enter.

Lakini mishale hainilipii kodi ya kibanda. Inayolipa ni ŋ, herufi ya Kiganda yenye sauti ya ng': kadi za harusi, mahubiri, hotuba za msibani, zote za Kiganda. Sisi kwa Kiswahili tunaweka ritifaa, ng'ombe, yamekwisha. Mzee wa Kiganda akikuta ng' kwenye eŋŋaano, yaani ngano, anakurudishia karatasi bila hata kukaa.

Namba ya ŋ ni 014B, na kubwa Ŋ ni 014A. Hapo kwenye eŋŋaano pana mtego ulionitesa wiki nzima. Word huhesabu e kuwa sehemu ya namba, kwa hiyo ukiandika e014B na kubonyeza Alt+X, inasoma yote kwa pamoja na neno linaharibika. Chagua kwanza zile nne tu, 014B, ndipo ubonyeze. Ile ŋ ya pili haina shida, maana kabla yake kuna ŋ, ambayo Word haiihesabu kuwa namba.

Ukiiandika kila siku, ipe mkato. Nenda Insert, Symbol, More Symbols, andika 014B kwenye kisanduku cha Character code, bofya Shortcut Key, bonyeza vitufe unavyotaka, kisha Assign. Word itakuonyesha hapo hapo kama mkato huo una kazi nyingine. Mimi nimechukua Alt+J. Kijana wangu wa zamu ya jioni anataka wa kwake, na kila asubuhi nakuta ameubadilisha.