Namna ya Kujiandaa kwa Hafla ya Mwandishi Kusaini Vitabu

Msomaji anayepanga foleni ili kitabu chake kitiwe saini hupata dakika moja au mbili tu mbele ya meza ya mwandishi, na ubora wa dakika hizo hutegemea sana maandalizi aliyoyafanya kabla hajatoka nyumbani. Kwa kuwa matangazo ya hafla hizi mara nyingi hutolewa zikiwa zimebaki siku chache, ni vyema kumwachia mhudumu wa duka unalolizoea namba yako ya simu, liwe TPH Bookshop ya Mtaa wa Samora jijini Dar es Salaam, Text Book Centre ya Nairobi, au duka dogo la mtaani kwenu, na kumwomba akujulishe mwandishi fulani anapotarajiwa. Ulizia hasa inapokaribia tarehe 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani, na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani.

Ukishapata tarehe, piga simu uulize kama mwandishi atasaini pia vitabu vilivyonunuliwa kwingine, na kama kuna kikomo cha nakala kwa kila mtu. Hata ukiruhusiwa kuja na kitabu chako cha zamani, nunua angalau kimoja hapo dukani, kiwe cha kumzawadia ndugu au rafiki, kwa sababu duka ndilo lililoagiza vitabu, likapanga viti na kuwabakiza wafanyakazi wake baada ya saa za kazi, na gharama hizo hurudi kwa mauzo ya jioni ile. Tunza risiti, maana huenda ukaombwa uioneshe unapoingia kwenye foleni.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba usimpelekee mwandishi nakala ya wizi. Vitabu vilivyochapishwa bila idhini vimejaa kandokando ya barabara za miji yetu, na wengi huvinunua bila kujua. Kifungue kitabu chako ukikague: jalada lililopauka, herufi zenye ukungu kama za fotokopi, mistari iliyopinda na kurasa zinazoachia gundi mara tu unapozikunjua ni dalili za kutosha kukutia shaka. Mwandishi hulipwa mrabaha, ambao mara nyingi ni kama asilimia 10 ya bei au pungufu, na kwa nakala ya aina hiyo hapati hata senti. Kumwomba aitie saini ni kumtaka aibariki hasara yake mwenyewe mbele ya watu, na waandishi wengi husaini kwa sababu tu ya kuona haya.

Soma kitabu kabla ya siku hiyo, au walau sura kadhaa kama ndiyo kwanza kimetoka, kisha uchague jambo moja la kumwambia mwandishi. Sifa za jumla huzisikia kutwa nzima; atakachokikumbuka ni msomaji aliyemtajia mhusika fulani na kueleza kwa nini uamuzi wake ulimkera au ulimgusa. Maswali marefu yaulize wakati wa mazungumzo yanayotangulia usainiaji, si mezani, ambako walio nyuma yako wanasubiri. Salamu nayo ina uzito wake: kwa Tanzania, kijana anayemkabili mwandishi aliyemzidi umri ataanza na shikamoo, na kama mwandishi ni mwalimu au profesa, mwite kwa cheo hicho. Mswada wako wa riwaya uache nyumbani. Ukihitaji ushauri, omba anwani ya mchapishaji wake.

Andika kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, jina unalotaka liandikwe. Jina ambalo wewe unaliona la kawaida huweza kuwa na tahajia tatu: Khadija, Hadija na Khadja hutamkwa karibu sawa, na kosa la wino halifutiki. Chomeka karatasi hiyo kwenye ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu na la mwandishi, ambao ndio hutiwa saini kwa kawaida, ili akifungua tu aone pa kuandika. Kalamu ya kawaida ya wino mzito inatosha kwa karatasi nyingi; kama kitabu kina kurasa laini zinazong'aa, uliza kama pana kalamu ya wino usiofutika, kwa kuwa wino wa kawaida huchelewa kukauka hapo na hufutika kwa kidole.

Ukitaka picha, omba ruhusa kwanza, na simu yako mpe mtu aliye nyuma yako ikiwa tayari imefunguliwa kamera. Baada ya saini, sogea pembeni na ukiache kitabu wazi kwa dakika chache kabla ya kukifunga, la sivyo saini itajichapa kwenye ukurasa wa pili.

Asiyeweza kufika asikate tamaa. Lipia nakala yako mapema kwa simu, mwachie mhudumu jina lako lililoandikwa vizuri, na umwombe aiweke pamoja na zile ambazo mwandishi hubaki akizisaini wageni wakishaondoka. Maduka mengi hukubali ombi hilo, mradi limefika siku moja au mbili kabla ya hafla.