Kuwapeleka wanafunzi wa uhandisi kiwanda cha makonyo, Wawi

Wanafunzi wangu wa uhandisi huwapeleka Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) cha ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Andika barua ya chuo mapema, utaje idadi ya wanafunzi na mnachotaka kuona. Kisha piga simu uulize kama siku hiyo watakuwa wanapika, maana mtambo uliozimwa haufundishi kitu.

Wakifika, waanzie kwenye boila, yaani mtambo unaochemsha maji kutoa mvuke, na wafuate bomba kwa macho: mvuke unapenya kwenye makonyo ndani ya tangi, unabeba mafuta, unapozwa, unarudi kuwa maji. Hapo mwisho usiwaharakishe hata kidogo. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, hivyo hukaa chini, si juu kama ya nazi. Waulize bomba la kuyatolea liwekwe wapi, kabla fundi hajawaonyesha. Na fundi huyo mwache aseme bila kukatizwa; anayoyajua hayamo vitabuni.

Viatu vya kufunika vidole ni lazima, na mitandio ibanwe vizuri isining'inie karibu na mashine. Jioni ile ile kila mmoja achore mtambo kwa kumbukumbu yake, bila picha za simu.