Unataka baiskeli ya kulala? Soma hii kabla hujatoa hela

Kama unaiwaza ile baiskeli unayoegemea kiti utadhani upo kwenye kochi, miguu imetangulia mbele, jiulize kwanza unaitaka kwa nini. Kama ni mgongo, shingo, viganja vinakufa ganzi au makalio yanawaka moto kila ukitoka safari ndefu, hapo una sababu ya kweli, manake uzito wote unabebwa na kile kiti kipana na mikono haibebi kitu, inashika usukani tu.

Kama ni spidi, ngoja kidogo. Kwenye tambarare na upepo wa mbele inakimbia kweli kwa sababu mwili umelala na upepo haupati pa kukushika, ndo maana 1933 Mfaransa Francis Faure, akiwa kwenye baiskeli ya aina hii, alivunja rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi ndani ya saa moja, kwa kilomita 45 na ushee, na mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, UCI, likazipiga marufuku kwenye rekodi na mashindano yake. Ila mlimani mambo yanageuka, huwezi kusimama juu ya pedali ukaikandamiza kwa uzito wako, ni miguu peke yake, kwa hiyo unahitaji gia nyepesi sana na subira. Njia yako ikiwa milima mwanzo mwisho, mi nisingekushauri.

Na mashimo je? Kwenye baiskeli ya kawaida ukiona shimo unainua makalio, hapa umekaa, linakupata lote mgongoni. Barabara zako zikiwa mbovu tafuta yenye shokapu au tairi nene.

Halafu magurudumu mawili au matatu? Ya matatu haikuangushi ukisimama na mlimani unapanda taratibu unavyotaka bila kuyumba, ila ni pana, nzito, na ipo chini sana hadi dereva wa lori anaweza asikuone, hivo bendera ndefu na taa hata mchana ni lazima. Pia kwenye hiyo funga miguu kwenye pedali, mguu ukichomoka ukagusa chini wakati baiskeli inatembea unaweza kuvutwa chini ya fremu ukavunjika.

Sasa kuijaribu, na hapa naomba usifanye haraka, dakika tano hazitoshi kabisa. Kwanza kaa, weka kisigino kwenye pedali ya mbali, mguu unyooke karibu wote bila kiuno kuhama, haunyooki au haufiki basi sogeza kiti au bomba la mbele linaloshika pedali. Kuondoka na ya magurudumu mawili: shika breki, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali iliyo juu, egemea kabisa, achia breki na usukume mara moja kwa nguvu huku unaangalia mbali, usikaze mikono. Itayumba. Ya kwangu iliyumba nikajua nimeshindwa, mara ya kumi hivi ikanyooka. Iendeshe saa nzima ukiweza, ukishuka sikiliza vidole vya miguu, zile zenye pedali juu sana huwa vinakufa ganzi.

Miguu yenyewe inachukua wiki kadhaa kuzoea, misuli inafanya kazi tofauti, kwa hiyo siku ya kwanza usiihukumu kwa spidi.

Mwisho pima mlango wako, ngazi na gari lako kwa futi kamba, manake nyingine ni ndefu kweli, cheni tu inaweza kufika mara mbili hata tatu ya ile ya kawaida, na kama hakuna pa kuilaza usiku usiinunue.