Chatu mpira: droo au boksi kubwa? Namna ya kumpangia makazi

Wafugaji wa chatu mpira, yule anayejikunja duara akiogopa akaficha kichwa katikati, wako kambi mbili na wanabishana kweli. Kuna wanaomweka kwenye droo za plastiki zilizopangwa kama kabati, karatasi chini, bakuli la maji, basi. Na kuna wanaotaka boksi kubwa lenye magogo na majani. Mi niko na hawa wa pili.

Watu wa droo wana hoja, wengi ni wazalishaji wa Marekani na Ulaya wenye nyoka kibao, droo ni rahisi kusafisha na nyoka anajiona amefichika, anakula, anazaa. Lakini kula na kuzaa peke yake hakuonyeshi kwamba anaishi vizuri. Huko kwao, kuanzia Afrika Magharibi mpaka kaskazini magharibi mwa Uganda, mchana analala kwenye mashimo ya panya na vichuguu, sawa, ila usiku anatoka anazunguka na wengine wanapanda miti kabisa. Sa droo inampa shimo tu, huo usiku wake hana.

Kwa hiyo anza na urefu: nyoka aweze kunyooka mwili mzima. Mkubwa anafika kama mita 1.2 hadi 1.5, so boksi la sentimita 120 kwa 60 kwa 60 ndo pa kuanzia, akizidi hapo ongeza. Utaambiwa boksi kubwa linamtia hofu asile, ukweli ni kwamba anaogopa uwazi, jaza majani, magome na matawi uone. Weka maficho mawili ya kumbana, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, maana likiwa moja anachagua kati ya joto na usalama na hilo si haki kabisa.

Upande wa joto nyuzi 31 au 32, wa baridi 25 au 26. Termostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, ni lazima jamani, nyoka anaweza kulalia kitu cha moto mpaka tumbo likaungua bila kuondoka. Unyevu asilimia 60 hadi 80, ukishuka gamba linatoka vipandevipande, usilibandue kwa kucha, ongeza unyevu.

Chakula mpe panya aliyegandishwa ukamyeyusha na kumpasha, panya hai anamng'ata nyoka na vidonda vyake ni vibaya sana. Mtoto kila wiki, mkubwa kila wiki mbili au tatu hivi, afu usimshike siku mbili.

Kabla ya kununua uliza kazaliwa wapi, wengi wanakamatwa porini Togo, Benin na Ghana wanafika na vimelea na wanagoma kula. Wale wa rangi inayoitwa spaida waache, kutikisika kichwa wanarithi pamoja na hiyo rangi na hakuna boksi litakalowaponya. Ukiwa Kenya, kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kwanza.

Akisugua pua kwenye kioo kila usiku, kagua joto, halafu maficho, halafu ukubwa wa boksi. Akipumua mdomo wazi au akitoa mapovu, mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka.